Mzee kagoma CT scan, anasubiri altrasaundi ya kwenye maji. Ipo kweli?

SpeaKilosa

Wakuu habari za humu ndani. Naomba mwenye kujua mambo ya vipimo anisaidie, maana nyumbani kwetu hakukaliki.

Baba yangu ana miaka 67, mstaafu wa reli. Alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Treni ikiingia stesheni usiku anashuka na taa na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja huku kainamisha kichwa anasikiliza. Anasema gurudumu zima linalia kama kengele, lenye ufa linalia kama debe. Msinione napiga stori, hiyo nyundo ndiyo inayonitesa sasa hivi.

Tangu mwezi wa pili analalamika tumbo la juu, maumivu yanapenya hadi mgongoni. Kapungua mpaka mkanda kautoboa matundu mapya mawili. Siku kumi zilizopita mama akamwona macho yamekuwa ya njano. Nikampeleka hospitali akapigwa altrasaundi. Ripoti ninayo hapa dukani: ini na figo havina shida, mrija wa nyongo umetanuka, kongosho haikuonekana kwa sababu ya gesi. Chini daktari kaandika CT scan, na karatasi ya rufaa ya kwenda mjini.

Mzee kagoma. Kwanza rafiki yake wa kahawani kamwambia CT moja ni sawa na eksirei mia nne. Pili, mjukuu wake kamwonyesha video kwenye simu: Wamarekani wametengeneza altrasaundi ya mwili mzima, mtu anaingia kwenye tangi la maji, pete inamzunguka, sekunde kumi picha imetoka, mionzi hakuna. Kaitazama mara tatu. Akasema, "Hiyo ndiyo akili. Wanagonga, wanasikiliza. Nitasubiri hiyo."

Naomba kuuliza: hicho kitu kipo kweli au ni video za kutengeneza? Kama kipo, kimefika Muhimbili, au hata Nairobi? Na hiyo kongosho kitaiona? Nawasilisha.

Mchunguu

Mkuu macho ya njano hiyo ni nyongo imepanda. Achana na mavipimo. Chimba mizizi ya mlonge achemshe, siku saba tu. Jirani yangu alikuwa njano kama papai, leo anaendesha bodaboda.

MamaProbu

Mchunguu, na huyo jirani yako alikuwa na nini? Hujui, kwa sababu hakupimwa. Tuendelee.

SpeaKilosa, hii ndiyo kazi yangu. Napiga altrasaundi mwaka wa kumi na sita sasa, hospitali ya wilaya huku mkoa wa Tanga. Nianze na la haraka, mengine utasoma ukiwa kwenye basi. Macho ya njano, mrija uliotanuka, mkanda kutobolewa matundu: hapo kuna kitu kimeziba njia ya nyongo. Linaweza kuwa jiwe, unaweza kuwa uvimbe, sisemi ni kipi maana sijamshika tumbo. Wiki ni nyingi kwa hali hiyo. Na akipata homa ya kutetemeka juu ya hiyo njano, hata iwe saa nane za usiku mnaondoka naye.

Sasa hiyo video. Kitu chenyewe ni cha kweli. Kimetengenezwa Caltech, chuo kilichoko Pasadena, California, na timu ya profesa anaitwa Lihong Wang. Matokeo yao ya kwanza waliyatoa mwaka 2023. Ila ni mashine ya maabara. Walioingia kwenye hayo maji ni watu wazima wa afya waliojitolea, wakapigwa picha za tumbo na miguu. Haiko Muhimbili, haiko Nairobi, na mzee akienda Pasadena kwa miguu yake hatapangiwa foleni ya wagonjwa.

Nakueleza inavyofanya kazi kwa sababu mzee wako kaelewa nusu, na hiyo nusu kaielewa kuliko wanafunzi wengi wanaoletwa kwangu mazoezini.

Mashine yangu ina probu. Probu inatuma sauti nyembamba mno, ya megahezi 3 au 5, sikio halina habari nayo. Halafu probu hiyo hiyo inanyamaza inasikiliza mwangwi. Sauti ikikuta mpaka, tuseme pale ini linapopakana na figo, kiasi kinarudi. Kwa muda uliopita hadi mwangwi kurudi, mashine inakisia umbali. Nasema inakisia kwa sababu mashine hizi za kawaida zimewekewa mwendo mmoja wa sauti kwa mwili mzima, mita 1,540 kwa sekunde, yawe mafuta, iwe nyama. Kumbe kwenye mafuta sauti inakwenda kama mita 1,450 tu. Mtu mwenye kitambi kinene, picha yake inakuja na ukungu, na kitu kinaonekana kimesogea kidogo na mahali kilipo. Mashine inanidanganya kila siku na mimi nimeshajua uongo wake, tunaishi hivyo hivyo.

Wale wa Pasadena wamemzungushia mtu pete ya visikilizi 512 ndani ya maji, na kitoa sauti kimoja kinachozunguka. Kikipiga upande wa kitovu, hawasubiri mwangwi peke yake. Visikilizi vya upande wa mgongo navyo vinapokea sauti iliyopenya mwili mzima. Sauti iliyochelewa imepita kwenye mafuta. Iliyowahi imepita kwenye nyama. Iliyofika imechoka, njiani kuna kitu kimeinyonya. Kipiga sauti kinasogea, wanasikiliza tena, kinasogea, wanasikiliza tena, mpaka mzunguko ukamilike. Kompyuta inapiga hesabu na kutoa picha tatu za kipande kile kile: ya mwangwi, ya mwendo wa sauti, na ya kufifia kwa sauti. Hiyo ndiyo tomografia, picha ya kipande kana kwamba umekata mkate ukautazama kwa mbele. Na hizo sekunde kumi ni za kipande kimoja, mwambie mzee, si za mkate mzima.

Maji yana kazi ile ile ya jeli yangu, kuondoa hewa kati ya chombo na ngozi. Na wala si mapya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kule Denver daktari mmoja, Douglass Howry, alikuwa akikalisha watu kwenye maji ndani ya kibanda cha bunduki kilichotolewa kwenye ndege ya vita ya B-29, chombo kinawazunguka kwenye reli ya meno. Picha zilikuwa nzuri kwa wakati ule, lakini ni mgonjwa gani mahututi utamtumbukiza kwenye maji? Ndipo probu ya kushika mkononi ikashinda. Miaka ya 1970 James Greenleaf wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, akaanza kupiga hesabu za sauti inayopenya, kama CT inavyofanya na eksirei. Kilichokuwa kinawakwamisha ni kompyuta.

Sasa kongosho. Kilichomshinda mwenzangu aliyempima mzee ni gesi. Sauti ikitoka kwenye nyama ikakutana na hewa, zaidi ya asilimia 99 inageuka ilikotoka. Mbele ya pale ni giza. Unaona ukingo unaometameta kama bati jipya na nyuma yake kivuli kichafu. Hilo ni tatizo la sauti yenyewe, si la mashine, na pete ya visikilizi 512 inabeba sauti hiyo hiyo.

Mpeleke mzee CT.

SpeaKilosa

Shikamoo mama. Ahsante sana. Nimemsomea mzee yote jana jioni, kimya, redio kazima mwenyewe. Ana maswali mawili na kasema asipojibiwa hapandi basi.

La kwanza: kama wanapiga kutoka pande zote, gesi si inazungukwa? Anasema yeye gurudumu likiwa na matope upande mmoja alikuwa anahamia upande wa pili. La pili: eksirei mia nne, kweli au si kweli?

MamaProbu

Marahaba mwanangu. Baba yako angepata kazi kwangu.

La kwanza. Yuko sahihi, na ndiyo faida mojawapo ya pete. Hata mimi nafanya hivyo hivyo kwa mkono. Mgonjwa wa kongosho namnywesha nusu lita ya maji taratibu, bila kuvuta hewa, ili tumbo lijae maji na gesi isogee, kisha namkalisha badala ya kumlaza. Naweka probu chini kidogo ya chembe cha moyo, nabonyeza polepole huku nahesabu pumzi zake, nasubiri utumbo usogee wenyewe. Kuna sekunde mbili tatu pazia linafunguka, unaiona kongosho imelala juu ya mshipa wa wengu kama kiluwiluwi, unapiga picha haraka kabla hajakohoa. Siku nyingine unabonyeza dakika ishirini, jasho linakutoka, pazia halifunguki. Unaandika haikuonekana. Kuandika hivyo si uvivu. Ni afadhali mara mia ya yule anayeandika kongosho sawa wakati hakuiona.

Lakini angalia inakokaa. Mbele yake kuna tumbo la chakula na utumbo mpana, vyote nyumba za gesi. Nyuma yake kuna pingili za uti wa mgongo, na mfupa unaimeza sauti na kuirudisha vibaya. Hapo matope yako pande zote mbili za gurudumu. Sauti inabaki na vichochoro vya ubavuni. Pete itapata kitu, sikatai, ila mimi nisingemlaza mtu wa macho ya njano akisubiri hicho kitu. Ukipanda kifuani ndiyo kabisa, mapafu yote ni hewa. Wanaposema mwili mzima wana maana ya upana wa mwili, kutoka ngozi ya huku hadi ya kule. Neno limewavuruga wengi.

La pili. Rafiki wa kahawani hakukosea hesabu, alikosea maana. CT ya tumbo inakaa kwenye milisiverti kama 8, hicho ndicho kipimo cha mionzi. Eksirei ya kifua ni 0.02. Gawanya, mia nne inatoka. Ila ni kama kusema pipa moja ni sawa na vijiko elfu kadhaa, inatisha kwa sababu kijiko ni kidogo. Mwanadamu wa kawaida duniani anapokea wastani wa milisiverti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye chakula, bila kukanyaga hospitali. Mzee atapigwa mionzi ya miaka mitatu na kitu kwa mkupuo mmoja. Si bure, na kwa mtoto mdogo au mjamzito ningebishana na daktari. Kwa mtu wa miaka 67 mwenye njano sibishani.

Watamchoma dawa mkononi ya kung'arisha mishipa. Atasikia joto mwili mzima na kudhani amejikojolea, mwambieni mapema asiaibike, hajajikojolea. Waambieni kama ana sukari na anatumia metformini, kama ana pumu, kama aliwahi kuvimba kwa dawa yoyote. Kipimo cha damu cha figo, kriatinini, kifanyike kabla, msifike mjini mkarudishwa kwa hilo.

Dada_wa_Michigan

Nimepita tu nikaona mada yenu. Hiyo ya kwenye maji mimi nimepigwa, ila ya matiti.

Niko Michigan mwaka wa kumi na mbili. Nilipofanya mamogramu, yaani eksirei ya matiti, nikaletewa barua kwamba matiti yangu ni mazito. Mwanzo nilidhani ni matusi. Kumbe maana yake tishu ni nyingi kuliko mafuta, na kwenye mamogramu tishu ni nyeupe na uvimbe nao ni mweupe, sawa na kutafuta sungura mweupe kwenye pamba. Wakanipeleka kwenye mashine inaitwa SoftVue. Mizizi yake iko hapa hapa Detroit, ilianzia kwa watafiti wa Karmanos, taasisi ya saratani. Serikali iliiruhusu Oktoba 2021, itumike pamoja na mamogramu kwa wenye matiti mazito. Pamoja, si badala yake, hilo walinirudia mara mbili.

Unalala kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu, titi moja linaning'inia kwenye maji ya uvuguvugu. Hakuna anayekugusa, hakuna kubanwa kati ya mabamba mpaka machozi. Pete inapanda na kushuka, huioni, unasikia mvumo mdogo tu kama friji. Dakika chache kila upande. Nilikuwa naangalia zulia la chini nahesabu madoa, nikashtuka naambiwa vaa nguo.

Kwa hiyo mashine za namna hii zipo kazini, lakini kwa titi. MamaProbu atanisahihisha, nadhani ni kwa sababu titi halina mfupa wala gesi.

MamaProbu

Umesema yote, mdogo wangu. Titi linaning'inia lenyewe kwenye maji, laini tupu, sauti inapita kutoka upande hadi upande bila kikwazo. Ni kama Mungu aliliumba kwa ajili ya tomografia. Ndiyo maana walianzia hapo, hata Wajerumani wa Karlsruhe wana yao ya miaka mingi.

Huku kwetu, mamogramu zenyewe za kuhesabu.

Mlinda_Jiofoni

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, niko Eldoret, si mtu wa hospitali. Ninaongeza moja tu kwa sababu hiyo pete imenikumbusha kazi niliyofanya kijana.

Kabla ya kisima cha Ngamia 1 kupata mafuta kule Turkana mwaka 2012, kulikuwa na upimaji wa ardhi, na sisi vibarua tulikuwa tunapanga jiofoni. Ni kidude kama kikombe chenye msumari chini, unakichomeka mchangani, kimeunganishwa kwa waya na wenzake kwa kilomita kadhaa. Mtikiso unapigwa mahali, vidude vyote vinasikiliza, mtikiso unahamishwa, vinasikiliza tena. Msimamizi wetu alikuwa mkali: mbuzi akipita karibu na laini, rudia. Ukikohoa, rudia. Niliajiriwa kufukuza mbuzi, kusema kweli.

Nilikuja kufuatilia baadaye hizo hesabu ni za nini. Wanapata mawimbi jinsi yalivyofika, halafu kompyuta inabuni ardhi ya uongo, inatuma mawimbi ya uongo ndani yake, inalinganisha na ya kweli. Hayafanani, inabadilisha ardhi kidogo, inajaribu tena. Mara nyingi sana, hadi yafanane. Wataalamu wa Imperial College kule London walichukua hesabu hizo hizo za mafuta na gesi, na mwaka 2020 wakaonyesha kwa majaribio ya kompyuta kwamba zinaweza kuchora ubongo ndani ya fuvu kwa sauti. Fuvu ndilo lililokuwa ukuta kwa altrasaundi siku zote.

Kwa hiyo mzee wa reli anahisi vizuri, ni ukoo mmoja: gurudumu, mwamba, tumbo. Lakini hata sisi tukipanga vizuri, matokeo tuliambiwa yanachukua miezi ya kompyuta. Mzee hana miezi.

FundiVifaa_DSM

Swali la kizushi kwa MamaProbu. Hii ikikomaa, wewe si unakosa kazi? Maana nasikia sifa yake kubwa ni kwamba haitegemei mkono wa mpimaji.

MamaProbu

Si swali la kizushi, nimejiuliza usiku.

Bega langu la kulia halinyanyuki kupita sikio. Kuchana nywele nachana kwa kushoto. Ni miaka kumi na sita ya kuunyoosha mkono juu ya matumbo ya watu na kubonyeza, siku nyingine wagonjwa arobaini, na wenzangu wengi wana bega kama langu. Kwa hiyo mtu akiniambia ipo mashine inayopiga bila bega, simchukii.

Na hilo la mkono ni kweli. Mgonjwa wa ini lenye mafuta nikimpima leo nikaandika "limeng'aa kiasi", miezi sita ijayo akipimwa na kijana mwingine ataandika "limeng'aa sana", na daktari hajui ini limezidi au ni macho ya kijana. Pete inatoa namba, mwendo wa sauti kwenye ini ni mita kadhaa, unalinganisha namba na namba. Hapo ndipo mimi ningeitaka: kufuatilia ini, misuli, unene wa mafuta, kumwongoza daktari anapopenyeza sindano ya kuchukua kinyama. Watengenezaji wenyewe ndiyo matumizi wanayoyataja, hawakusema wanakuja kumaliza CT. Hayo ya kumaliza CT ni ya wenye video.

Ila wewe ni fundi vifaa, hebu tuongee kifundi. Tangi la kumtosha mtu mzima. Maji yake yawe ya uvuguvugu, yasiwe na mapovu, kwa sababu povu ni hewa na hewa ni adui. Baridi na joto vinabadilisha mwendo wa sauti ndani ya maji, kwa hiyo lazima joto lijulikane. Akitoka mgonjwa mwenye kidonda, nani anayabadilisha? Hospitali yangu mwezi wa kumi tunaletewa maji kwa boza na wajawazito wanakuja na madumu yao. Umeme ukikatika pete ikiwa katikati ya mzunguko, unaanza upya na mgonjwa analowa. Mgonjwa wa kiharusi unamwingizaje? Mwenye plasta? Howry alikwama hapo hapo miaka sabini iliyopita, na jibu la swali la maji sijaliona likibadilika sana.

Probu yangu inaingia mfukoni mwa koti. Naipeleka wodini, naipeleka leba saa tisa usiku. Niache na bega langu kwanza.

FundiVifaa_DSM

Nimenyoosha mikono. Hilo la mapovu sikuwa nimelifikiria kabisa, na mimi ndiye ningeitwa.

SpeaKilosa

Wakuu, narudi kutoa mrejesho, samahani nimekawia siku nane.

Mzee alipanda basi Jumatatu alfajiri. Kriatinini ilikuwa nzuri. Kwenye chumba cha CT alimuuliza kijana wa mashine, "Hii nayo inagonga?" Kijana akamjibu, "Hapana mzee, hii inamulika." Akalala. Lile joto la dawa lilipokuja, akanyoosha kidole gumba kunionyesha kwenye kioo kwamba anajua, alishaambiwa.

Majibu yametoka Alhamisi. Kuna uvimbe kichwani mwa kongosho, sentimita 2.3, ndio uliobana mrija wa nyongo. Ripoti inasema mishipa mikubwa ya damu iliyo karibu haijaguswa, na ini halina kitu. Tumepewa miadi ya daktari wa upasuaji wiki ijayo, na wameongelea kuweka kibomba cha kupitisha nyongo, hatujaambiwa kama ni kabla ya upasuaji au vipi.

Nilishindwa kumweleza mama. Mzee ndiye aliyemweleza, kwa lugha yake. Kasema yule wa altrasaundi alisikia debe lakini ufa hakuuona, huyu wa pili kauona ufa.

MamaProbu, mimi sijui nikuulize nini sasa.

MamaProbu

Pole mwanangu, wewe na mama.

Usiniulize, chukua kalamu. Yale maneno ya mishipa haijaguswa yapigie mstari, na ukifika kwa daktari wa upasuaji usianze kwa kuuliza ni saratani au si saratani, atakuambia mwenyewe. Muulize: kwa hiyo mishipa, unaweza kuutoa? Na kama huutoi hapa, anautoa nani na lini? Muulize na kibomba, maana wengine wanaweka kwanza njano ishuke, wengine wanakwenda moja kwa moja kwenye upasuaji, inategemea njano imefika wapi na tarehe iko karibu kiasi gani.

Omba CD ya picha zote za CT, usiridhike na karatasi. Daktari wa pili atataka kuzipitisha kipande kwa kipande mwenyewe. Na ile ripoti ya kwanza ya altrasaundi, iliyoandikwa haikuonekana, usiitupe. Ibebe pamoja.

Mkojo wake uwe unaangaliwa. Ukikolea kama chai ya rangi na homa ikaja kabla ya hiyo miadi, msingoje tarehe. Na mzee akipenda kuongea na mtu kuhusu magurudumu, niandikie pembeni nikupe namba, jioni huwa niko nyumbani.